Mtumbwi Usiofungwa

Basile aliamka usingizi wa mchana shati limelowa chapachapa, na nyumba yao yote ya mtaa wa Kilibula ikanuka ndagala wabichi, wale dagaa wa ziwani. Geneviève, mke wake, akatazama juu. Bati halikuvuja, na mvua ilikuwa haijanyesha wiki nzima.

"Ni jasho," akasema Basile.

Jasho! Jasho gani, jamani, lenye magamba ya samaki?

Huyu Basile alikuwa mchoraji wa mitumbwi. Hakuijenga, aliichora tu. Alichukua kipande cha ubao, akakipaka ile rangi ya kahawia ya maseremala inayonywewa na mti, mpaka mistari ya ubao ikajitokeza yenyewe na kuwa mawimbi. Juu ya mawimbi hayo akachora mtumbwi kwa rangi za tyubu, alizoachiwa na Mbelgiji mmoja aliyekimbia mwaka wa uhuru. Akikosea kwa rangi za tyubu, alikwangua kwa kisu zikabanduka. Ile ya maseremala, wapi! Ikishanywewa na ubao haitoki tena.

Watu wa Uvira walimcheka mpaka machozi. Mwanaume wa ziwani, kuogelea hajui, kasia hajawahi kushika, na mitumbwi anayo ukuta mzima! Naye alicheka nao. Jambo moja tu hakulifanyia mzaha: kila mtumbwi aliufunga kwa kamba nyeupe kwenye kigingi. Baba yake alimfundisha hivyo, na sababu hakumwambia.

Waasi walipouchukua mji mwaka ule wa sitini na nne, mpaka wa Burundi ulifungwa. Familia zikavuka kwa siri, zimejazana kwenye mitumbwi, na mingine haikufika. Tyubu nyeupe nayo ikaisha, na nyingine ingetoka wapi? Kamanda mmoja alikuwa ameagiza picha, na kamanda haambiwi ngoja. Basile akachora mtumbwi, akachora kigingi, kamba akaiacha.

"Nitaufunga nikipata nyeupe," alisema, akauegemeza ubao ukutani, akajilaza. Ndipo alipoamka amelowa.

Kesho yake, jua likiwa utosini na watu wote wamejifungia ndani kwa kuogopa bunduki, Geneviève alisikia miguu uani. Ilikuwa miguu yenye maji, inakanyaga polepole, mingi.

"Mupiga kasia analala?" sauti ikanong'ona nyuma ya mlango.

"Analala," nyingine ikajibu. "Tupande."

Geneviève akalishika komeo kwa mikono miwili. Alipopata nguvu ya kufungua mlango hakuona mtu. Lakini nyayo zilikuwepo kwenye sakafu, mbichi, za wakubwa na za watoto wadogo, zimepita pembeni yake mpaka kwenye ubao, na hakuna hata moja iliyorudi. Basile alikuwa mkekani, anahema kama mtu anayepandisha mlima.

Alipoamka, alificha mikono. Geneviève akaikamata, akaifungua kwa nguvu. Viganja vyote vilikuwa malengelenge.

"Niambie."

"Naota napiga kasia," Basile akasema kwa sauti ya chini, akiutazama mlango. "Iko batu wengi, na batoto. Hawasemi. Nawapeleka ng'ambo, lakini ng'ambo haiko, Geneviève. Nikisema nimechoka, wananijibu: bado tuko wengi."

Geneviève alimpenda mume huyu, maskini na kichekesho cha mji, kuliko alivyowahi kumwambia. Akaona wazi kwamba anachukuliwa kidogo kidogo. Asubuhi iliyofuata akakimbia kwa Mama Kankindi, mkaushaji samaki, aliyejulikana kwa kuwatibu walioshikwa na ziwa.

Mama Kankindi alisikiliza huku anageuza samaki juu ya moshi. "Mume wako ameacha mtumbwi wazi, na waliozama wanautaka. Ufunge, kwa rangi yoyote. Lakini sikia, mwanangu: ufunge yeye akiwa macho, akikuitika. Akilala, yeye haiko pale unapomuona."

Njiani waasi wakamzuia, wakamhoji, wakamwachia jua likiwa limeshapanda. Alipofika nyumbani, nyayo mbichi zilikuwa zimeshavuka kizingiti. Basile alikuwa mkekani, amegeukia ukuta.

"Basile! Weye uko macho?"

"Niko," sauti yake ikajibu, imechoka, lakini yake kabisa.

Mungu asifiwe! Akanyakua brashi, akaichovya kwenye kopo la pekee lililokuwa na kitu, lile la rangi ya maseremala, akapiga magoti mbele ya ubao, na huku harufu ya ziwa ikimjaa puani, na huku miguu ile ikisogea nyuma yake mpaka maji yakamdondokea shingoni baridi, akaivuta kamba kutoka kichwa cha mtumbwi, akaipitisha juu ya mawimbi, akaizungusha kwenye kigingi mara moja, mara mbili, akakaza.

Kukawa kimya. Harufu ikakatika. Geneviève akacheka peke yake, akalia.

"Inuka, baba. Imekwisha."

"Geneviève." Sasa alisikia sauti ya Basile inakotoka. Ilitoka ubaoni, mbali, kama mtu anayeita kutoka katikati ya maji. "Nani amefunga mtumbwi? Miye niko bado huku."

Akageuka, akamvuta bega. Mkekani Basile alikuwa amefumba mdomo, na maji yalikuwa yanamtoka puani.

Akachukua kisu, akaikwangua ile kamba, akakwangua kwa nguvu zake zote, "Ngoja, nakufungua, ngoja!" Rangi za tyubu zikabanduka. Ubavu wa mtumbwi ukatoka, ukatoka na mkia, vipande vikamwangukia magotini, mpaka pale palipokuwa na mtumbwi pakabaki mawimbi matupu.

Kamba haikutoka. Ilikuwa imeshanywewa.

"Basile?" akaita.

Hakuitika.