Zamu ya Naisimoi Kisimani

Kiangazi kile, kisima cha Kang'ata kilikuwa kimebaki na maji ya kuchota kwa kata. Ukijaza debe moja, unangoja maji yajikusanye tena chini. Kwa hiyo akina mama walikuwa na desturi yao. Asubuhi kila mmoja aliweka debe lake kwenye mstari, kisha akaenda kuchuma pamba katika shamba la kijiji. Saa sita walirudi, kila mmoja akachota kwa zamu. Mstari haukuwa na mlinzi.

Madebe yalijulikana kama watu. Debe la Mwanaidi lilikuwa na kiraka cha lami. Debe la Naisimoi, mama kijana wa Kimasai aliyekaa upande wa malishoni, lilikuwa na mshikio wa ngozi ya ng'ombe.

Siku moja Mwanaidi alichelewa. Jioni wageni wangekuja kutoka Kwamndolwa kumposa binti yake, Mwaija. Mumewe, Mhina, alikuwa amemwambia, "Mama Mwaija, wageni wasikute mtungi mkavu. Watasema wanaoa katika nyumba ya kiu."

Alipofika kisimani, wenzake walikuwa wameshaondoka. Debe la mwisho lilikuwa la Naisimoi. Mwanaidi akatazama huku na huku. Aliona mbuzi mmoja tu, analamba mawe. Akalisogeza nyuma debe la Naisimoi, akaweka lake mbele.

"Nafasi moja tu," alijiambia. "Wala hatajua."

Mchana Mwanaidi akachota, debe likajaa. Naisimoi alipoinama baada yake, kata ikakwangua tope; maji ya siku ile yalikuwa yamekwisha. Akautazama mstari, akainua debe lake tupu, akaondoka.

Alasiri wote walikutana kwenye ghala la pamba. Hapo ndipo walipojifunza kisomo cha watu wazima. Mwalimu wao, Efrazia, alikuwa jirani yake Mwanaidi. Akamwita Naisimoi ubaoni.

"Mwalimu, mimi naacha kisomo," Naisimoi akasema.

"Unaacha? Juzi si ulihesabu mbuzi wote wa mumeo Meitamei, mwenyewe akashangaa?"

"Nilibahatisha. Leo asubuhi nilihesabu madebe. Langu la mwisho, la nane. Mchana nikahesabu tena. Langu bado la mwisho, lakini la tisa! Kichwa changu hakishiki. Hesabu si ya watu kama mimi."

"Labda debe lako lina miguu!" akasema mama mmoja. "Lilikwenda kutembea."

Ghala zima likacheka. Naisimoi naye akacheka kidogo, huku anakusanya shuka yake. Mwanaidi hakucheka. Katika ghala lile, yeye peke yake alijua kwamba Naisimoi alihesabu sawa.

Walipotoka, Mwanaidi akafuatana na Efrazia njiani.

"Mwalimu, nikuulize kitu."

"Uliza, jirani."

"Mtu akichukua zamu ya mwenzake kwa siri, halafu kesho akampelekea maji, tena debe zima. Si yamekwisha?"

Efrazia hakuuliza ni nani. Alisema, "Tuseme kila mama wa Kang'ata afanye vile vile. Kila mwenye haraka asogeze debe la mwenzake. Utakuta nini pale kisimani?"

Mwanaidi akafikiri. "Fujo. Kila mtu atalikalia debe lake kutwa. Pamba itaharibika shambani."

"Na mstari?"

"Hautakuwepo." Mwanaidi akasimama katikati ya njia. "Kumbe! Basi hata huko kuwahi hakuna. Huwezi kuwahi katika mstari usiokuwepo. Mtu huyo alitaka wenzake wote wafuate desturi, isipokuwa yeye."

"Umesema mwenyewe."

"Lakini alikuwa na wageni, Mwalimu. Shida yake si ya uongo."

"Ni ya kweli. Na mwenzake ana shida zake, na ana akili ya kusema ndiyo au hapana. Angemwomba, angemfanya mtu. Alipomrudisha nyuma kwa siri, alimfanya kama lile debe."

"Sasa nani atamlazimisha kusema? Mwenyekiti wa kijiji hajui. Hata wewe hujui ni nani."

"Sijui kabisa," Efrazia akacheka. "Mwenyekiti akimlazimisha, itakuwa amri ya mwenyekiti. Lakini hili amelipima mwenyewe, akaona si sawa. Hiyo ni sheria yake mwenyewe. Ataikimbiaje?"

"Na yale maji ya kesho?"

"Maji yataondoa kiu. Je, yatamwambia Naisimoi kwamba alihesabu sawa?"

Mwanaidi alikwenda nyumbani, akajitwika debe lililojaa. Mhina akaruka.

"Unakwenda wapi na maji ya wageni?"

Mwanaidi akamweleza yote.

"Mpelekee kesho basi! Nani atajua?"

"Mimi najua, baba Mwaija."

Akamkuta Naisimoi anakamua mbuzi.

"Shikamoo, Mama Mwaija."

"Marahaba," Mwanaidi akajibu kwa sauti ndogo. Akatua debe. "Naisimoi, ulihesabu sawa. Asubuhi ulikuwa wa nane. Mimi ndiye niliyekurudisha nyuma."

Naisimoi akaacha kukamua. "Wa nane?"

"Wa nane."

"Na mchana, wa tisa?"

"Wa tisa kweli."

Naisimoi akapiga makofi, akacheka mpaka mbuzi wakashtuka. Kisha uso ukabadilika.

"Ndama wangu wana kiu kwa sababu yako. Na mimi nimeshinda najiona mjinga. Kwa nini hukuniomba? Huna mdomo?"

"Ninao."

"Basi utumie."

Akamimina maji yote katika chombo chake, akamrudishia debe tupu.

Jioni ile wageni walikula mihogo ya kuchoma bila chai. Walipouliza, Mwanaidi aliwaeleza sababu, hakuficha. Wakaondoka mapema. Hawakusema ndiyo, hawakusema hapana.

Mhina alinuna. "Ungejua wataondoka hivi, ungempelekea yale maji?"

Mwanaidi akakusanya vyombo. "Ningempelekea," akasema.

Naisimoi hakuacha kisomo. Mwanaidi mwenyewe alisimama ghalani, akawaambia wenzake kwamba debe halikuwa na miguu. Akina mama wakapatana: mwenye haraka amwombe aliye mbele yake, na aliye mbele ajibu kwa hiari yake.

Asubuhi moja Mwanaidi alitaka kuwahi gari la mchana la Mombo, kumwona dada yake. Akamkuta Naisimoi mbele yake kisimani.

"Naisimoi, nipishe leo. Nina safari."

Naisimoi akafikiri. "Leo hapana, Mama Mwaija. Ng'ombe wangu amezaa."

"Haya."

Mwanaidi akaweka debe lake nyuma. Naisimoi akamtazama usoni.

"Umekasirika?"

"Nimekuuliza, umenijibu. Nikasirike nini?"