Vyungu Vyenye Masikio

JUMAMOSI, SAA TISA ALASIRI

Mashoto alivuta pazia, akalaza tairi bovu sakafuni, akalikalia.

"Jumatatu," alisema. "Jumba linafungwa siku hiyo. Mlinzi mmoja tu. Mzee."

Hiki kilikuwa chumba cha nyuma cha duka lake la matairi, mtaa wa Analco, Guadalajara, Mexico. Walikuwa wanne. Mashoto, jina la ubatizo Fermín Arreola, mkuu wa genge. Nabor, pande la mtu, kazi yake kubeba na kutisha. Chayo, mama wa makamo, dereva ambaye polisi hawakuwahi kuona zaidi ya vumbi lake. Na Lute, fundi wa makufuli.

Walipanga huku wakila mikate iliyozamishwa kwenye mchuzi wa pilipili, viganja vikichuruzika. Mashoto hakugusa wake.

Mali yenyewe ilikuwa kisanduku cha chuma, ukubwa wa tofali. Ndicho kilichokuwa ubongo wa Ukuta wa Vyungu. Mji mzima uliujua ukuta ule. Msanii mmoja wa Tonalá alipachika mamia ya vyungu kwenye ukuta wa kiwanda cha zamani cha nyuzi, ambacho sasa ni jumba la maonyesho, midomo ikitazama watu, kila kimoja na taa na spika ndani. Ukisogea, vinawaka. Ukitaja jina, vinakurudishia sauti za wote waliowahi kulitaja hapo. Msanii alikusudia mchezo wa watoto. Lakini mji ule una watu wengi waliotoka kununua sigara wasirudi, na mama zao ndio walioukalia ukuta. Walikuja kutaja majina, na kuwasikia wenzao wakiyataja.

Mashoto alisema yuko tajiri katika mji wa Monterrey anayekitaka kisanduku. Anakitakia nini, hakusema. Akatoa amri moja, akairudia mara mbili. Umeme haukatwi mpaka dakika ya mwisho, kwa sababu ukikatika king'ora kinalia. Kwa hiyo vyungu vitakuwa macho. Mle ndani hakuna kufungua mdomo, hata kukohoa. Na yeye mwenyewe ataingia nao.

"Tangu lini bosi anaingia mwenyewe?" Chayo aliuliza.

"Tangu leo."

Nabor akacheka. Lute hakucheka. Yeye alikuwa na lake moyoni. Mama yake, Mama Otilia, alikuwa mmoja wa wanawake wale. Alikwenda pale kila Jumanne kumtaja Gildardo, kaka yake Lute, aliyepotea miaka minne nyuma. Lute aliwahi kumsindikiza. Mama alisema "hamjambo" tu, na kabla hajataja jina, chungu kimoja kikamrudishia maneno yake mwenyewe ya wiki iliyopita. Ukuta ukishakusikia mara moja, ukirudi unakutambua kwa sauti, na unaanza na yako.

"Unanijua," mama alimwambia, uso umemng'aa kama binti.

Na sasa Lute alikuwa anaombwa akaung'oe ubongo ule. Alitaka kukataa. Lakini Mashoto alikuwa baba wa ubatizo wa binti yake Gildardo. Tangu Gildardo apotee, kila Krismasi alileta nyama kwa Mama Otilia, akaketi jikoni kwake, akaitwa mwanangu. Mtu kama huyo humkatalii. Lute alimeza tonge, akakubali.

JUMATATU, SAA TANO ASUBUHI

Waliingia wamevaa ovaroli za mafundi wa viyoyozi. Mlinzi alifungua bila kuuliza. Alipoiona bastola ya Nabor alikaa chini mwenyewe, akanyoosha mikono ifungwe. Lute alimgeuzia feni. Nje, Chayo alibaki kwenye usukani, injini inanguruma.

SAA TANO NA ROBO

Mlango wa ukumbi ulikuwa wa chuma, wa kujifunga wenyewe, na kwa ndani haukuwa na kitasa. Lute aliufungua, akautilia kabari chini.

Vyungu vikawaka. Mwanga ukawafuata hatua kwa hatua, mstari mmoja ukizima, mwingine ukiwaka. Nabor akapiga ishara ya msalaba. Hakuna aliyesema neno. Lute alipiga magoti chini ya ukuta, kwenye kona iliyo karibu na mlango, akafungua kifuniko, akaanza kulegeza skrubu. Jasho la Mashoto lilikuwa linadondoka sakafuni, na ukumbi ule ulikuwa wa baridi.

Kisanduku kikalegea. Ukabaki waya wa umeme. Nabor alirudi nyuma kumpisha, bega lake likagonga ngazi ndefu ya wafagiaji. Ngazi ikaanza kuanguka, moja kwa moja kwenye kichwa cha Lute.

"Lute, ngazi!"

Lute aliruka. Ngazi ikapiga sakafu. Aliyeita ni Mashoto, na alikuwa ameshajiziba mdomo kwa kiganja.

Vyungu vyote vikazima. Kimoja kikawaka, karibu na dari. Kikasema, kwa sauti ya Mashoto, sauti ya mtu aliyelewa na kulia:

"Gildardo. Ni mimi, ndugu yako Fermín. Wauaji walitaka jina moja, langu au lako. Nikawapa lako. Wamekutupa kisimani, kwenye tanuri la matofali la zamani, njia ya El Salto. Mama yako ananipikia, Gildardo. Ananipikia, na mimi nakula."

Kikanyamaza.

Kumbe hakukuwa na tajiri wala Monterrey. Mashoto alikuwa ameropoka hapo wiki ile ile, na kesho yake, Jumanne, Mama Otilia angekuja kulitaja jina, ayasikie. Lute alibaki amepiga magoti, bisibisi mkononi.

"Ng'oa hicho kitu," Mashoto alisema. Bastola ilikuwa mkono wa kushoto. "Tutaongea garini."

"Garini tutaongea nini?"

"Lute, nimekuokoa sasa hivi."

"Nimeona."

Lute alijua hatashuka hai kwenye gari lile. Alijua pia kwamba kisanduku kikitoka mle, kisima kitabaki kisima, na mama atakufa akitaja jina. Akaipiga kabari teke. Mlango ukajifunga kwa kishindo. Akaung'oa waya wa umeme, akakikumbatia kisanduku, akakilalia.

King'ora kikalia. Mashoto akafyatua risasi gizani. Ya kwanza ilivunja chungu. Ya pili ilimwingia Lute nyongani. Ya tatu haikutoka, kwa sababu Nabor alikuwa amemwangusha Mashoto na kumkanyaga kifundo cha mkono.

"Na jina langu ungewapa?" Nabor aliuliza. Akazidi kukanyaga.

Chayo alisikia milio, akaondoka. Lute hakumlaumu hata siku moja. Polisi walipokata mlango waliwakuta watatu, mmoja anavuja damu, mmoja analia, mmoja amekaa juu ya mgongo wa anayelia.

MIEZI MITATU BAADAYE

Mama Otilia alikuja gerezani na bakuli la maharage. Alimtazama mwanawe akichechemea mpaka mezani. Akamweleza kwamba kisimani walitolewa watu watano. Gildardo alitambulika kwa bizimu ya mkanda wake. Wamemzika, na binti yake aliweka maua.

Lute alingoja neno jingine. Likaja.

"Ulikwenda kuuiba?"

"Ndiyo, mama."

"Na ulijua naongea naye pale."

"Nilijua."

Alimsogezea bakuli. Kisha akamwambia kwamba polisi wameubomoa ukuta wote. Vyungu viko kwenye magunia, kisanduku kimetiwa lakiri, ni ushahidi wa kesi, na kesi yenyewe haijulikani itaisha lini. Akamuuliza kama anamkumbuka Mama Eufemia, jirani yao. Binti yake alikwenda kwenye ukuta na wanafunzi wenzake, akataja jina lake mwenyewe kwa utani, akacheka. Mwezi uliofuata akapotea. Kicheko kile ndicho pekee mama yake alichobakiwa nacho.

"Mimi nimepata kaburi," Mama Otilia alisema. "Yeye nimpe nini?"

Lute alitazama maharage. Askari akasema muda umekwisha. Mama akainuka, akafunga kitambaa chake, akaenda.

Wiki iliyofuata hakuja, wala iliyofuata hiyo. Lute aliambiwa na mfungwa mgeni kwamba Mama Otilia hushinda kwenye lango la polisi, juani, akidai kisanduku. Husimama pembeni ya Mama Eufemia. Mama Eufemia hamsemeshi.