Asubuhi Katika Nyumba ya Mawe

Pikipiki ilimparuza Phelista begani katikati ya soko la Bungoma, na karatasi za mtihani za wanafunzi wake zikatawanyika matopeni. Mwanamume mrefu mwenye koti la kijivu aliweka chini gunia lake la vitunguu, akaanza kuziokota.

"Mwalimu, huyu mtoto umempa sufuri. Si ungemhurumia kidogo?"

"Ati nimhurumie? Ameandika Kitale ni mji mkuu wa Uganda."

"Mimi natoka huko Kitale. Hiyo sufuri ni halali yake."

Phelista alicheka hadi akasahau bega.

Aliitwa Gichuki. Miezi minne walipigiana simu kila siku. Alikuwa na nyumba ya wageni kijijini, nje ya Kitale: nyumba ya mawe iliyojengwa na mzungu mmoja wa mashamba karibu miaka mia iliyopita, babu yake akainunua baada ya Uhuru. Sakafu yake ya mbao ililia ukiikanyaga, na wageni walikula kiamsha kinywa karibu na meko.

"Kuja ulale hata siku moja, mrembo. Chumba chako, ufunguo wako."

Phelista hakuwa amemwambia habari za Hesbon, mwanamume aliyewahi kuishi naye mtaa wa Matisi, Kitale, aliyekuwa akimfungia nyumbani kutwa nzima. Siku alipomvunja taya, Phelista alitoroka akarudi kwao Bumula. Jumamosi aliyokwenda kwa Gichuki, alipopitia Kitale, jirani wa zamani alimwona, naye akampasha Hesbon habari.

Jumapili asubuhi Phelista alishuka amevaa gauni la manjano. Gichuki alikuwa akimpakia mkate siagi, ndipo Hesbon akaingia bila hodi, panga mkononi.

"Wewe ni nani?" Gichuki aliuliza.

"Muulize mke wangu."

Panga lilishuka. Mkono wa Gichuki ulipasuka, damu ikaruka hadi kwenye sahani. Phelista alinyakua birika la chai iliyotoka jikoni ikichemka, akammwagia Hesbon usoni. Hesbon alipiga yowe, akaangusha panga, akapiga magoti.

Hapo ndipo Gichuki alipochukua chuma cha kuchochea moto. Alimpiga mbavuni. Akampiga gotini, mfupa ukalia. Hesbon alijikunja akilia kama mtoto, na chuma kikazidi kushuka.

"Gichuki, ameanguka. Acha."

Hakusikia. Phelista alijitupa juu ya Hesbon, na chuma kikasimama shubiri moja kutoka kichwani pake. Aliinua uso akayaona macho ya Gichuki. Macho kama hayo aliyajua tangu Matisi, usoni mwa Hesbon.

Majirani walipofika na polisi, Phelista aliondoka na gauni lake lenye damu.

Jioni simu ililia.

"Mpenzi, nilikuwa nakulinda."

Phelista alimweleza yote: Matisi, mlango uliofungwa, taya. Kisha akauliza, "Baada ya ile chai alikuwa ameisha. Hayo mengine ulikuwa unamlinda nani?"

Phelista akakata simu, na hakupokea simu zake kwa wiki tatu.

Siku moja saa kumi alimkuta Gichuki kwenye lango la shule, mkono umefungwa bandeji.

"Nimeenda polisi," Gichuki alisema. "Walikuwa wameandika nilijitetea. Nimewaambia waandike kwamba nilimpiga akiwa chini."

"Si watakushtaki?"

"Wameshanishtaki. Kesi ni mwezi ujao."

"Na nani alikutuma?"

"Ulimlalia mtu aliyekuvunja taya, Phelista, kwa sababu ya kuniogopa mimi. Tangu siku hiyo silali. Nataka kukuoa. Najua nimeomba vibaya."

Wanafunzi walipita wakichungulia. Phelista alingoja wapite.

"Ukiniinulia mkono hata mara moja..."

"Utaenda zako. Najua."

"Siendi popote. Nimechoka kutoroka. Utaenda wewe, uniachie hiyo nyumba ya babu yako."

Si jambo dogo alilokuwa akiombwa Gichuki.

"Nitaenda mimi," alisema.

Phelista alimshika ule mkono mzima.

"Basi twende Bumula ukamwambie mama yangu. Anza na hiyo kesi. Mambo ya kuoa yatafuata, akikuacha umalize."