Fimbo Namba Tisa

Waliokuwepo dukani jioni ile ya Alhamisi, tarehe 9 Mei 2024, ni hawa.

Fidel Valeriani Ngwila, mwenye duka, umri miaka arobaini na minne, Mpogoro, mzaliwa wa Mahenge. Mang'ula nzima inamwita Mangi, kwa sababu siku hizi kila anayesimama nyuma ya kaunta huitwa Mangi, kama watemi wa Kichaga, hata kama hajawahi kuuona Kilimanjaro kwa macho.

Emerensiana Silvano, mke wake wa ndoa.

Nikodemu Eustaki, kijana anayewaongoza wageni msituni. Amejipa jina la Clinton. Nilipomuuliza sababu, alisema wageni hulikumbuka haraka.

Eufrasia Evaristo, jirani, aliyekuja kununua mafuta ya kupikia na akabaki, kama kawaida yake, kusikiliza ya wenzake.

Mimi, Severini Amedeus Lihawa, mwenye miaka themanini na minne, niliyefuata betri mbili za redio.

Na wa sita. Huyo nitamfikia.

Naandika majina kamili kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa. Nilisoma shule ya misheni enzi za Mwingereza, na padre wa Kiswisi aliyetufundisha alituchapa zaidi kwa kukosea jina la mtu kuliko kwa kukosea hesabu. Baadaye nilitunza vitabu vya parokia kwa miaka thelathini na saba: ubatizo, ndoa, vifo. Mtu huingia kwa jina na hutoka kwa jina. Hapo katikati anaweza kujiita apendavyo, lakini asitegemee mimi nimfuate.

Duka la Fidel liko kando ya barabara ya Ifakara, mlima ukiwa mgongoni kwake. Upande wa kushoto kuna vitu vya wenyeji: chumvi, sabuni, majembe, dagaa wa kopo. Upande wa kulia kuna vya wageni: makoti ya mvua, viatu vya kupandia, mahema ya kukodisha, na fimbo za mianzi zilizopakwa rangi nyekundu na kuandikwa namba. Wageni wanazipenda sana hizo fimbo. Watu wazima wenye miguu miwili mizima wanakodi mwanzi. Juu ya kaunta kuna daftari, na kila anayekodi kitu huandikwa humo jina lake, siku ya kupanda na siku ya kushuka. Mara nyingi Fidel aliniomba niandike mimi, maana mwandiko wake haukusomeka hata na yeye mwenyewe.

Sasa, upuuzi wenyewe ulianza hivi.

Wiki moja kabla, Nikodemu alishuka mlimani na chungu kidogo cheusi. Alikikuta chini ya mwamba, mahali ambapo Wandamba wa zamani walikwenda kutambikia. Sheria ya hifadhi inakataza kutoa hata jani, lakini Nikodemu ni msomi, anajua kipi ni sheria na kipi ni ushauri. Akampa Fidel. Fidel akakiweka rafuni kati ya dagaa na betri, na siku hiyohiyo mgeni mmoja wa kike, aliyekuwa amekodi fimbo namba tisa, akakinunua na kuondoka nacho kwa treni. Fimbo hakuirudisha.

Kuanzia usiku huo Nikodemu akawa anaota. Katika ndoto anaulizwa swali moja tu: umempa nani? Anajibu, Mangi. Na anayeuliza anamwambia, Mamangi ni wengi. Anaamka na mchanga mdomoni. Hivyo alidai. Nilimshauri apige mswaki.

Emerensiana hakucheka. Alikwenda Michenga kwa bibi mmoja aitwaye Mariana, mwanamke asiyejua hata mwaka aliozaliwa, akarudi na maagizo. Wenye chungu, Mariana alisema, hawawezi kumwita mtu wasiyemjua jina. Kwa siku saba, jua likishaegemea mlima, mtu yeyote asilitaje jina la mume wako. Wakija watauliza, na watauliza kwa adabu. Msiwape. Siku saba zikiisha watachoka, watarudi kwao.

Jioni ile ilikuwa ya sita.

Nilipofika, saa kumi na mbili na dakika chache, Fidel, mkewe na Nikodemu walikuwa wameanza kunong'ona kama watu walio kwenye maziko. Eufrasia ndiye pekee aliyekuwa na sauti.

"Mangi, mafuta yangu," alisema. "Au na mafuta nayo yamefichwa jina?"

Fidel alicheka kidogo, akampimia. Kwa kweli yeye mwenyewe alikuwa mchangamfu kuliko mkewe. Nikamwambia, Fidel, nipe betri mbili kubwa. Emerensiana akaniziba mdomo. Mwanamke wa umri wa wajukuu zangu aliniziba mdomo kwa kiganja chake kinachonuka sabuni ya mche, mbele ya watu.

"Babu, jua limezama," alisema.

Nilimwondoa mkono. Nilimwambia kwamba jina la mume wake nimelisoma kwenye cheti chao cha ndoa, na kwamba sitamwita Mzee wa Kichaga kwa sababu ya ndoto za Nikodemu. Nikodemu akaniambia nimwite Clinton, babu, hasa sasa hivi.

Mvua ilianza. Kisha harufu.

Harufu ya jiko lililozimwa kwa maji. Majivu mabichi. Nilidhani ni jiko la Emerensiana nyuma ya duka, nikageuka kutazama. Hapakuwa na moto.

Vyura wa bondeni wakanyamaza... wote, kwa pamoja.

"Hodi."

Mtu anabisha hodi na watu wanne wazima wanatazama miguu yao. Nikaitikia mimi.

"Karibu."

Aliingia mtu amevaa koti la mvua la wageni, kofia yake imevutwa mbele, na viatu vya kupandia. Cha kulia alikivaa mguu wa kushoto. Nililiona hilo mara moja, kwa sababu naona mambo ya aina hiyo. Umri wake siwezi kuutaja. Uso wake niliuangalia, lakini nikijaribu kuueleza napata tu lile koti.

Aliwapita wengine wote kama anapita magunia. Akasimama mbele yangu, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, karani."

Nilikuwa nimestaafu miaka ishirini na mbili. Hakuna mtu katika bonde hili aliyekuwa ameniita karani tangu siku hiyo. Kwao mimi ni babu.

"Marahaba," nilisema.

Akailaza fimbo juu ya kaunta. Mwanzi, rangi nyekundu, namba tisa. Ncha ya chini ilikuwa na udongo mweusi, na kwenye udongo ule zilikuwa zimetoka nywele nyeupe. Nilipoinama niliona si nywele. Ilikuwa mizizi.

Fidel alirudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa magunia ya mchele.

"Iache hapo," Emerensiana alinong'ona. "Asante. Nenda salama."

"Nimeambiwa nimpe mwenyewe," mgeni alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu aliyelelewa vizuri. "Mwenyewe ni nani?"

"Mangi," alisema Nikodemu.

"Mangi ni kazi."

Nilikuwa nimewaambia hivyohivyo kwa miaka mingi. Maneno yaleyale.

Akanigeukia mimi. "Karani. Mtu huyu mama yake alimwita nani?"

Eufrasia alikuwa anatikisa kichwa. Emerensiana alinishika mkono wa koti, safari hii taratibu. "Babu," alisema, "nakuomba. Ni kesho tu."

Nitasema ukweli, kwa kuwa naandika. Niliwatazama. Mmoja amekimbilia mchele, mmoja amejiita jina la Mmarekani, mmoja amekuja kwa mafuta na hatoki, na mmoja anaongozwa na kikongwe wa Michenga. Na mbele yangu mtu mmoja tu aliyenisalimu na kuniuliza swali sahihi.

"Fidel," nilisema. "Fidel Valeriani Ngwila."

"Wa Valeriani na nani?"

"Na Yosefina."

Emerensiana aliniachia mkono.

Mgeni alilirudia jina lote bila sauti, midomo tu, kama mtoto anayekariri. Kisha akasema, "Niandikie na mimi, karani. Nimeshuka, na sijaandikwa."

Nikafungua daftari. Akaniambia jina lake. Niliandika. Nakumbuka kalamu ilikuwa ya bluu na ilikuwa inakwaruza. Nakumbuka jina lilikuwa na maneno matatu, na kwamba nilifurahi, maana lilikuwa jina zuri, la zamani, ambalo sikuwahi kuliandika katika kitabu chochote. Aliinama kutazama. Ile harufu ya majivu ikanijaa kifuani.

"Umeandika vizuri," alisema.

Akatoka. Vyura wakaanza tena.

Hakuna aliyenigombeza. Ningependelea wanigombeze. Eufrasia aliondoka akasahau mafuta yake. Fidel ndiye aliyesema, akijaribu kutabasamu, "Basi, mzee. Angalau nimetajwa na mtu anayelijua."

Nilichukua betri zangu nikaenda nyumbani, nikala, nikalala vizuri.

Asubuhi Emerensiana alikuja na daftari. Hakutoa salamu. Alilifungua kwenye magoti yangu akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho.

Mwandiko ni wangu. Herufi F naiandika kwa mkia, kama tulivyofundishwa. Wino wa bluu. *Fidel Valeriani Ngwila. Siku ya kupanda: Jumanne, 14 Mei. Siku ya kushuka:* na hapo pameandikwa kistari, kile kistari nilichokuwa nakichora katika vitabu vya parokia mahali pasipo na cha kujaza.

Nilimwambia hilo silo nililoandika. Akaniuliza niliandika nini.

Nilifungua mdomo nimwambie.

Katika miaka thelathini na saba niliandika watu zaidi ya elfu kumi na moja. Nitajie mwaka, nitakutajia mtoto na wasimamizi wake. Jina alilonipa mtu yule silikumbuki. Silikumbuki hadi leo. Si kwamba limefifia. Mahali pake pana kistari.

Ijumaa hiyo, jua lilipozama, Fidel alisikia anaitwa kutoka ukingo wa msitu, nyuma ya duka. Fidel wa Yosefina. Mara tatu, polepole. Jumamosi tena. Jumapili hata Emerensiana alisikia, na Jumatatu asubuhi akarudi kwangu.

"Ni sauti yako, babu," alisema.

Nilimwambia saa kumi na mbili jioni mimi nasikiliza taarifa ya habari.

"Najua huji pale. Lakini yeye anasikia wewe unamwita, na wewe unamwita vizuri. Anataka kwenda. Nimeficha viatu vyake." Alikuwa hajalala. Alizungumza kama mtu anayeogopa kumwaga kitu. "Njoo kesho. Ukae naye tu kuanzia saa kumi. Ikiita, akutazame. Akuone mdomo umefumba. Sitaki kingine."

Nilimwambia mimi ni mzee, njia ina matope, na mambo hayo sishiriki. Njia ilikuwa imekauka tangu Ijumaa.

Emerensiana aliinuka. Kisha akasema, "Sawa, karani," akaondoka.

Jumanne nilikaa chumbani kwangu, kwenye kiti changu. Saa kumi na mbili kasoro dakika tano niliwasha redio. Ilikoroma ikazima. Betri mbili mpya, za siku tano tu. Nyumba ikawa kimya, na jua likaegemea mlima.

Nilifumba mdomo. Hakuna aliyeniona, lakini niliufumba. Baada ya muda nikagundua nimeufunika kwa kiganja, kwa nguvu, kama Emerensiana alivyoniziba siku ile. Sijui kwa nini. Sikuwa nasema kitu. Chumbani hapakuwa na sauti yoyote.

Lakini chini ya kiganja changu...

Midomo ilikuwa inatembea.

Asubuhi yake Nikodemu aliwaongoza watu mpaka chini ya ule mwamba, na huko wakamkuta Fidel. Viatu vya Fidel vilikuwa bado vimefichwa chini ya kitanda. Dukani, fimbo namba tisa haikuwepo tena. Sikuuliza zaidi ya hapo, na Nikodemu siku hizi hasemi na wageni wala na mimi. Ukimwita Nikodemu haitiki. Ukimwita Clinton pia haitiki.

Daftari liko kwangu. Emerensiana aliniletea yeye mwenyewe, akasema mwenye kazi ya kulijaza ni mimi. Nimejaza inavyotakiwa.

Fidel Valeriani Ngwila, mwana wa Valeriani na Yosefina, alifariki Jumanne, tarehe 14 Mei 2024.