Abiria wa Kwenye Masizi

Jua lilikuwa limeshaegemea mapaa ya mabati Fundi Sifa alipotoka duka la vipuri na kichupa mfukoni. Kichupa chenyewe kidogo, kama cha dawa ya kikohozi, na kazi yake haipishani sana na hiyo. Unamimina kwenye tangi, unajaza petroli juu yake, kisha unaikimbiza pikipiki kwa gia ndogo, mlio juu, bila huruma. Masizi yaliyoganda kwenye pistoni na valvu yanalainika, yanabanduka, yanatoka na moshi. Injini iliyokuwa inakohoa kama babu mvuta tumbaku inarudi ujanani. Fundi Sifa alishafanya kazi hiyo mpaka mikono inajua yenyewe, na hakuna injini iliyowahi kumshinda. Ni yeye aliyesema hivyo, na jina la Sifa hakupewa bure.

Ila hii ilikuwa ya kaka yake.

Kaka mtu alizikwa wiki iliyopita. Walimkuta kando ya barabara, ameketi juu ya pikipiki, miguu chini, mikono kwenye usukani, injini inaunguruma. Jeraha hana. Pumzi hana. Watu walilia hadi sauti zikakauka. Fundi Sifa alishika koleo, akafukia, akarudi gereji kubadilisha breki za mteja. Moyo wake ulikuwa kama ufizi uliopigwa ganzi: unaugusa, unajua upo, basi.

Mjane, shemeji yake, alishapata dereva wa kuanza kazi na pikipiki ile kesho asubuhi, watoto wapate kula. Kingine cha kuwalisha hakikuwepo. Akamwambia fundi, taratibu kama anayeazima chumvi, kwamba yeye anataka iwake tu, mengine Mungu anajua.

Iwake tu? Alikuwa anaongea na nani? Injini ile ilimkaa fundi kooni miaka. Kaka yake aliinunua kwa mpita njia mmoja, na tangu siku hiyo akakataa katakata isiguswe ndani. Kaza mnyororo, badilisha tairi, sawa. Kuitia dawa, hapana. Inakohoa lakini inafika, ndiyo ilikuwa kauli yake. Wateja wakapata la kucheka: fundi gani huyu, pikipiki ya nduguye inafuka kama tanuri la matofali? Fundi alimeza. Sasa mwenye kukataza yuko chini ya udongo.

Akamimina kichupa chote. Akajaza petroli. Akashika barabara ya kutoka mjini.

Mwanzo mambo yalikwenda kama yanavyokwenda. Moshi mweusi, mzito, unaviringika nyuma. Akatabasamu kwenye kioo. Toka, mwanaharamu, toka.

Kisha harufu ikabadilika.

Haikuwa ya petroli wala ya oili. Ilikuwa ya nguo zilizosahauliwa sandukuni na maji... na nywele zilizoungua.

Shokapu za nyuma zikabonyea. Taratibu, kama mtu mzima anapopanda kwa adabu.

Injini ilikuwa safi sasa, inaimba kama cherehani. Lakini kikohozi kilikuwepo bado.

Kilikuwa nyuma ya shingo yake.

"Mdogo wangu," sauti ikanong'ona.

Ilikuwa ya kaka yake, na ule mkwaruzo wake wa asubuhi. Mwingine angeanguka mtaroni. Fundi Sifa alingoja woga, woga haukuja.

"Kaka."

"Nipeleke nyumbani. Nimechoka."

Basi akageuza. Msimlaumu. Tangu mazishi, hicho ndicho kitu cha kwanza kilichomtikisa kifuani, kidogo, kama mdudu chini ya shuka. Sauti ikamkumbusha beseni moja walilooga wote wawili, mama akiwasugua hadi wanalia. Nani mwingine alijua hayo?

Mkono ukatua begani. Baridi.

Kaka yake alikuwa na vidole vitatu mkono wa kulia. Viwili vililiwa na mnyororo enzi za ujana, fundi akiwa amesimama pale pale. Huu ulikuwa mkono wa kulia, na aliviona vidole vikijipanga juu ya shati lake. Vitatu. Vinne. Vitano.

Cha sita kikamgusa shingo.

Ndipo akakumbuka kuwa kaka yake hakuwahi kukohoa kabla ya kuinunua pikipiki ile. Alipakia kitu asichokijua, akakifungia ndani kwa masizi, akakizungusha mjini miaka yote kisifike kwa wanawe. Na yeye, fundi bingwa, amekifungulia mlango kwa kichupa.

Taa ya nyumba ya shemeji ikaonekana. Alikuwa mlangoni, mtoto kiunoni. Alisikia injini ikiimba akainua mkono, anacheka. Hakuwa amecheka tangu msiba.

"Simama," sauti ikabembeleza. "Nishuke. Wewe nitakuacha."

Hakusimama.

Akampita shemeji, mkono wa mjane ukiwa bado juu. Nyuma yake kile kitu kikaanza kulia kwa sauti ya kaka yake, kikimwita kwa jina la utotoni. Mwenye moyo mzima angefunga breki. Ganzi ile ndiyo iliyomwokoa.

Akafanya ambalo fundi mwenye akili zake hafanyi. Akavuta choki hadi mwisho, petroli imiminike nyingi, hewa iwe haba, masizi yazaliwe upya. Injini ikakabwa. Ikafoka. Ikakohoa. Shokapu zikapanda kidogo... zikapanda tena. Ilipozima mbele ya gereji, begani hapakuwa na mkono. Lilibaki doa jeusi, na mpaka leo sabuni haijaliweza.

Asubuhi shemeji akaja na dereva. Fundi Sifa akatamka neno ambalo mtaa ule haukuwahi kulisikia kinywani mwake.

"Imenishinda."

Dereva akacheka hadi akashika ukuta. Shemeji hakucheka.

"Jana umepita mlangoni kwangu inalia vizuri. Niliisikia kwa masikio yangu. Shemeji, umekula cha yatima."

Fundi akimweleza, mjane gani asingetaka kuisikia sauti ile? Akaisukuma pikipiki ndani ya gereji. Alipompelekea chakula, ulirudi mfuko mzima, haujafunguliwa. Mtaani wakamwita Mla Yatima. Na kila jioni anafunga milango, anaiwasha, anavuta choki, anailisha masizi. Kuiuza chuma chakavu hathubutu. Wataipasua.

Jana jioni shemeji akaja, mara ya kwanza tangu ile siku. Fundi alikuwa ndani, ameketi mkabala na pikipiki. Akasikia kandambili zake zikisimama nje ya mlango. Kisha sauti yake, laini, si ya ugomvi.

"Shemeji... nani anakohoa humo ndani?"

Fundi Sifa akafumbua mdomo aseme ni yeye, ana mafua.

"Ni mimi, mke wangu," sauti ya kaka yake ikajibu kabla yake.

Fundi akaitazama pikipiki. Siku hiyo alikuwa hajaiwasha.