Fundi Redio na Mashine ya Sumaku

Redio ilikuwa inakoroma. Ilikuwa juu ya kabati, karibu na dirisha, na haikuwa imeshika kituo chochote. Ilitoa "shhh" tangu asubuhi. Fundi Redio alikaa kwenye kiti chake, hatua mbili tu kutoka hapo. Hakuigusa.

Mkewe alisimama mlangoni na ndoo ya nguo mkononi, akamtazama. Huyu ni mtu ambaye zamani akisikia redio ya jirani inakoroma, alikwenda kugonga mlango. "Samahani jamani, nipeni niiweke sawa, la sivyo sitakula." Watu wa mtaa walicheka sana kwa hilo. Ndio waliompa jina la Fundi Redio. Jina alilozaliwa nalo lilibaki kwenye vyeti tu.

"Baba," mkewe alisema, "hiyo redio huisikii?"

"Redio ipi?"

Mkewe aliweka ndoo chini. Akaenda kuizima mwenyewe.

Mambo haya yalianza taratibu, yapata mwaka mmoja nyuma. Kwanza Fundi aliacha kufungua chumba chake cha kazi. Ni chumba kidogo cha mbele, chenye meza, koleo, bisibisi na masanduku ya redio za watu. Kisha usingizi ukamkimbia. Kisha hamu ya chakula ikaisha. Halafu akaanza kusahau. Funguo zilipatikana ndani ya kopo la sukari. Siku moja aliacha kifaa cha kulehemu kikiwaka, kikachoma shimo kwenye meza.

"Ni uzee huo," majirani walisema. "Mtu ana miaka sabini na mbili, mnataka nini tena?"

Mkewe hakukubali. Yeye alikuwa na miaka sitini na tisa, mshonaji wa nguo, na alikumbuka kila kifungo alichowahi kushona. Uzee aliujua. Huu haukuwa uzee.

Jumapili moja walikuwa mezani pamoja na binti yao, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi. Fundi alisukuma sahani. Akasema kwa sauti ya chini, "Siku zangu zikiisha hata leo, sawa tu."

Hakuna aliyeendelea kula. Binti alimshika baba yake mkono.

"Baba, umekuwa ukiwaza kujidhuru?"

Fundi alitikisa kichwa. "Hapana. Nimechoka tu kuwapo."

"Basi hilo nalo ni la kumwambia daktari. Kesho tunakwenda. Na hapa siombi ruhusa."

Daktari aliuliza mengi. Alipima damu, alipima macho, alisikiliza moyo. Mwisho akasema, "Mzee, huu si uzee. Ni sonona. Ni ugonjwa wa huzuni nzito. Unamnyima mtu usingizi na hamu ya vitu anavyovipenda. Kwa wazee mara nyingi unavuruga hata kumbukumbu, na watu wanadhani amezeeka tu."

Fundi alipewa vidonge, na mtu wa kuzungumza naye kila wiki. Vikasaidia kidogo. Alibadilishiwa vidonge, vikasaidia kidogo tena, kisha basi. Ndipo daktari akataja tiba nyingine. Si kila hospitali inayo, alisema, lakini hapa ipo. Ni mashine ya sumaku. Inawekwa juu ya kichwa na kuamsha sehemu ya ubongo inayohusika na hisia.

Fundi alisimama ghafla. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi kufanya jambo haraka.

"Sumaku? Kichwani kwangu? Hapana!"

Akatoka nje. Mkewe alimkuta amekaa kwenye benchi la bustani ya hospitali.

"Unakumbuka kaseti ya harusi?" Fundi alimuuliza.

Mkewe aliikumbuka. Zamani mteja mmoja alileta kaseti ya harusi yake ili Fundi ampigie kopi. Ndani yake kulikuwa na sauti ya mama yake huyo mteja, ambaye alikuwa ameshafariki. Fundi, kwa haraka za ujana, aliisahau kaseti ile juu ya spika kubwa. Spika ina sumaku. Asubuhi alipoipiga, sauti zilikuwa zimeharibika, na sauti ya yule mama haikusikika kabisa. Mteja, mtu mzima kabisa, alilia pale mlangoni.

"Nilimfutia mtu mama yake," Fundi alisema. "Sasa wanataka kunifuta mimi. Huzuni hii ni mbaya, mke wangu, lakini angalau bado nakujua wewe ni nani."

Mkewe aliketi kando yake. Alitaka mumewe apone kuliko kitu chochote. Lakini naye aliogopa. Je, kama ni kweli?

"Turudi tukaulize," alisema mwishowe. "Kuuliza hakumlazimishi mtu."

Mashine ilikuwa kwenye chumba cha mwisho cha korido. Muuguzi aliyeisimamia alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa.

"Shikamoo baba, shikamoo mama."

"Marahaba," Fundi alijibu, akiwa bado amesimama mlangoni. Hakutaka kuikaribia ile mashine. "Mwanangu, mimi ni fundi. Sumaku nazijua. Sumaku inafuta kaseti. Usinizungushe."

Muuguzi hakucheka. Akamvutia kiti, akakiweka pale pale mlangoni.

"Sikuzungushi. Sumaku inafuta kaseti, ni kweli. Kwa nini inafuta?"

"Kwa sababu utepe una unga wa chuma. Sauti imeandikwa kwa sumaku kwenye unga huo."

"Sasa, ubongo una utepe?"

Fundi alijigusa kichwa.

"Kumbukumbu zako hazikuandikwa kwa sumaku, baba. Zimo katika namna chembe za ubongo zilivyoungana. Moja imeshikana na nyingine, nyingine na nyingine."

"Kama waya ndani ya redio."

"Karibu hivyo."

Fundi alitazama sakafu. Alikuwa anafikiri, na mkewe aliona anafikiri. "Sumaku haifungui kiungo kilicholehemiwa," alisema polepole.

"Wewe ndiye fundi."

"Na hiyo mashine yako inafanya nini hasa?"

"Hiki kitu cheupe ndani yake kina koili, waya uliozungushwa mara nyingi. Tunapitisha umeme, sumaku inatokea kisha inapotea, kufumba na kufumbua. Inaamsha umeme mdogo sana ndani ya ubongo."

"Kama transfoma."

"Tazama, sasa nitakuachia kazi," muuguzi alisema. Mkewe akacheka. Fundi hakucheka, lakini alivuta kiti ndani ya chumba.

Kisha akauliza lile lililokuwa likimkaba. "Na wazee wenzangu? Wakitoka hapa, akili zao zinabaki?"

"Swali zuri. Watafiti wamewapima wazee kabla na baada ya tiba. Wamepima kukumbuka maneno, umakini, kupanga mambo. Kwa jumla hawakuonekana kupungukiwa. Baadhi walifanya vizuri kidogo zaidi kuliko mwanzo. Lakini sitakudanganya. Hii si dawa ya kuongeza akili. Wala si kila mtu anapata nafuu."

"Inauma?"

"Inagonga kichwa, ta-ta-ta-ta, kwa kelele. Utavaa vizibo vya masikio. Unaweza kuumwa kichwa siku za mwanzo. Hulazwi usingizi, unakaa macho. Mara chache sana mtu hupata kifafa, kwa hiyo tunauliza kwanza. Umewahi kuanguka kifafa?"

"Hapana."

"Una chuma chochote kichwani? Kifaa cha kusikia kilichopandikizwa? Kifaa cha moyo?"

"Ana nati moja imelegea," mkewe akasema. "Lakini iko hivyo tangu nimjue."

Safari hii Fundi alitabasamu kidogo, upande mmoja wa mdomo. Mkewe alilazimika kugeukia dirisha ili asionekane anafuta machozi.

"Uamuzi ni wako, baba," muuguzi alisema. "Na ukishaanza, ukisema simama, tunasimama."

"Nimekuelewa," Fundi alisema. "Lakini fundi hafungui mashine ya mtu kabla ya kupiga kopi."

Jioni ile alifungua chumba chake cha kazi. Alitafuta kaseti tupu na kinasa sauti cha zamani. Alikaa mbele yake akasema mambo kumi na mawili ya maisha yake. Mwaka alioanza ufundi. Siku binti alipozaliwa. Nyumba ya kwanza waliyopanga, na paa lake lililovuja. Alisema polepole, kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Alipomaliza, alichukua bisibisi akavunja vile vijino viwili vya plastiki vya nyuma ya kaseti, ili mtu yeyote asiweze kurekodi juu yake. Akampa binti yake.

"Nikirudi siwajui, mnipigie hii."

"Sawa, baba," binti alisema. Aliiweka ndani ya mkoba wake wa shule, katikati ya madaftari.

Kabla ya kuanza, muuguzi alimpima. Alimsomea maneno kumi, kisha akamtaka ayarudie baadaye. Fundi alikumbuka matatu. Aliambiwa achore saa, akachora, lakini mikono ya saa ikampotea. Alijisikia aibu.

"Usijali," muuguzi alisema. "Tunataka tu kujua tulipoanzia. Na vidonge usiache mpaka daktari aseme."

Tiba ilikuwa siku tano kwa wiki, kwa wiki sita. Wiki ya kwanza kichwa kilimuuma, akapewa dawa ya maumivu, kikatulia. Wiki ya pili hakuna kilichobadilika. Wiki ya tatu alisema anaacha.

"Nimekaa chini ya ile mashine siku kumi na moja. Nimepata nini?"

"Umepata sababu ya kuoga kila asubuhi," mkewe alimjibu. "Vaa viatu."

Alivaa viatu huku ananung'unika. Kwa kweli mkewe naye alikuwa amekata tamaa. Alijikaza tu.

Wiki ya nne, siku ya Alhamisi, mkewe alikuwa amekaa kwenye cherehani akipinda shuka. Redio ilikuwa imeanza kukoroma tena. Hakuwa na nafasi ya kuinuka, kazi ilikuwa nyingi. Ghafla akasikia kiti kinasogea.

"Jamani!" Fundi alisema. "Nani anaiacha redio ikikoroma hivi? Mtu atakula vipi humu ndani?"

Aliisogeza redio, akaizungusha kidogo, akashika kituo. Sauti ya mtangazaji ikaingia safi. Kisha akamgeukia mkewe.

"Kuna nini? Mbona umeshika mdomo?"

"Hakuna," mkewe alisema. "Acha hapo hapo. Panasikika vizuri."

Wiki ya sita ilipokwisha, muuguzi alimpima tena kwa maneno mengine kumi. Fundi alikumbuka saba. Saa aliichora, na mikono ikakaa mahali pake.

"Mashine imeniongezea akili," alisema.

"Polepole, baba," muuguzi alisema akicheka. "Huenda ni kwa sababu huzuni imepungua, umakini umerudi. Huenda pia umezoea mtihani wangu. Ninachoweza kukuambia ni kwamba hakuna tulichokufuta. Sasa endelea na vidonge, endelea na mazungumzo, na huzuni ikianza kurudi, usikae nayo nyumbani. Njoo."

Lakini Fundi alikuwa na mtihani wake mwenyewe. Jumapili binti alileta ile kaseti. Wote watatu walikaa katika chumba cha kazi, mbele ya meza yenye shimo.

Binti aliuliza, Fundi akajibu, kisha wakasikiliza kaseti kulinganisha. Mwaka wa ufundi, sawa. Siku binti alipozaliwa, sawa. Paa lililovuja, sawa. Mambo yote yalikuwapo. Kitu kilichowashtua ni ile sauti. Ilikuwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vitu vya mwingine. Fundi mwenyewe aliinamisha kichwa.

"Nilikuwa hivi?"

"Ulikuwa hivi," mkewe alisema.

Likaja jambo la mwisho. Ile sauti ikasema, "Mke wangu alileta redio mbovu. Nikaitengeneza. Tukaoana."

Fundi alibonyeza kitufe, kaseti ikasimama.

"Huyu mzee hajui anachosema," alisema. "Ile redio haikuwa mbovu."

"Eti nini?" binti aliuliza.

"Haikuwa mbovu hata kidogo! Betri ziliwekwa kinyume, basi. Niliona pale pale. Lakini huyu mama yako alikuwa amevaa gauni la kijani, na mimi nikamwambia kazi ni ngumu, arudi baada ya siku tatu. Siku tatu! Kwa betri!" Alikuwa anacheka mpaka miwani ikateleza. "Mwaka mzima sikulikumbuka jambo hili. Nilikumbuka redio tu. Ile raha yake ilikuwa imeniondoka."

Alifungua mtoto wa meza, akatoa selotepu. Akakata vipande viwili vidogo, akaziba mahali pa vile vijino alivyovunja.

"Baba, unafanya nini?" binti alishtuka. "Ukirekodi juu yake itafutika."

"Ifutike," Fundi alisema. Akabonyeza kitufe chekundu. Kaseti ikaanza kuzunguka. Akasogeza mdomo karibu. "Nasema upya. Mke wangu alileta redio nzima, yenye betri zilizowekwa kinyume..."

Mkewe alimsukuma bega, naye akasogea karibu na kinasa sauti.

"Na unadhani," alisema, "ni nani aliyezigeuza?"