Gundi Iliyokataa Kushika

"Shika hapo chini. Usiachie."

"Nimeshika, Murray. Mpaka lini?"

"Mpaka gundi ikauke. Ukiachia, tao lote linaanguka."

"Leo haliachii mtu. Nitalishikilia mwenyewe mpaka kieleweke."

Walikuwa wamesimama pande mbili za meza ya kulia, Murray Hnatiuk na mkewe Leanne, kila mmoja ameng'ang'ania mguu mmoja wa tao la mawe. Nje theluji ilikuwa imeifunika Winnipeg nzima. Mezani palijaa mawe makavu ya matumbawe, yamepangwa ndani ya mstari wa selotepu wenye ukubwa sawa na tangi la samaki lililokuwa sebuleni. Ndivyo wafugaji wa samaki wa baharini wanavyofanya. Mawe hupangwa kwanza pakavu, yakipendeza ndipo yanaingia majini. Lakini tangi la Murray lilikuwa tupu tangu Oktoba, na wenye nyumba walikuwa wanakula sahani mapajani, mume sebuleni, mke chumbani juu.

Oktoba hiyo Leanne alitua mifuko ya sokoni, akasema bila kupandisha sauti:

"Nahamia Halifax kwa Brandi. Kwa mwanetu angalau nitasikia mtu akiongea."

"Kwani tumegombana?"

"Hatujagombana hata siku moja. Hiyo ndiyo shida. Lakini mbwa naye ametufia, na siwezi kukuacha na nyumba isiyo na kingine kinachopumua. Tangi lako likishapata samaki, nafunga sanduku."

Mwanamume mwingine angepiga magoti. Murray alikwenda kununua gundi.

Tangu hapo, kila Leanne alipokwenda zamu ya jioni kwenye jiko la nyumba ya wazee, mumewe alichukua patasi akalivunja tao alilolijenga asubuhi. Mke akirudi, anamkuta kajiinamia.

"Limeachia tena, mpenzi."

"Tena? Pole jamani. Hiyo gundi feki."

"Labda ni baridi."

Na Leanne wa watu akampikia chai. Huruma hiyo ilimchoma Murray kuliko matusi. Alikuwa mpweke ndani ya nyumba yake mwenyewe, alijijua. Lakini upweke wa kusikia nyayo za mtu kwenye ngazi ulikuwa afadhali kuliko ule uliokuwa unamsubiri.

Sasa simu ya Murray ikawaka pale mezani, upande wa Leanne.

"Ni Rodel wa klabu yenu ya matangi."

"Achana naye, nitasoma baadaye."

"Anaongelea gundi. Huenda kapata dawa." Leanne akainama, akasoma kwa sauti: "*Murray, nimewauliza wote klabuni. Gundi hiyo haijawahi kumwachia mtu. Na picha ulizonitumia zina alama za patasi. Kaka, unavunja mwenyewe?*"

Siku nyingine Murray angekimbilia gereji. Leo mikono yote miwili ilikuwa kwenye jiwe.

"Murray."

"Mm."

"Swali umelisikia."

"Ndiyo. Navunja mwenyewe."

"Mara zote?"

"Zote."

"Kumbe! Mimi nakula kitandani kama mgonjwa, nakuhurumia, wewe unanifanya mjinga?"

"Ulisema likikamilika unaondoka. Nikaona bora lisikamilike."

"Mwanamume wewe! Badala ya kuniambia baki, unajaza mawe kwenye meza?"

"Sikujua niseme nini."

"Baki! Neno moja, hata mtoto analiweza! Unajua nilikuwa nasubiri nini kule juu? Ugonge mlango. Nasikia televisheni yako, najisemea leo atapanda. Ungeniita tule wote, hata jikoni tumesimama, nisingekata tiketi."

"Umekata?"

"Ya Jumamosi. Ya kwenda tu. Nilichoka kungoja samaki wako."

Patasi yote ile, uongo wote ule, na bado anaondoka. Murray akaona aibu mpaka masikio yakamchemka.

"Baki, Leanne."

"Unasema kwa sababu umeumbuka."

"Nimeumbuka, ndiyo. Lakini baki. Nyumba hii naiogopa bila wewe. Nisipokusikia unapanda ngazi, sipati usingizi. Nilidhani unajua."

"Ningejulia wapi?"

Machozi yalikuwa yanamtiririka Murray na hakuwa na mkono wa kuyafuta.

"Gundi imekauka," alisema. "Unaweza kuachia."

"Najua. Bado naongea na wewe." Leanne akavuta pumzi. "Jumamosi nakwenda. Brandi anakaribia kujifungua, nimeshamwahidi."

"Sawa. Nitakupeleka uwanja wa ndege."

"Sijamaliza. Tiketi nitaibadilisha, iwe ya kwenda na kurudi. Tarehe ya kurudi nitaiacha wazi."

"Utarudi lini?"

"Nipigie uniambie nirudi. Kwa mdomo wako, Murray, si kwa patasi."

Jumamosi alimbebea sanduku mpaka mlango wa uwanja wa ndege, wakakumbatiana, akarudi maegeshoni. Kiti cha pembeni kilikuwa kitupu, na kwa mara ya kwanza alijua hakika jinsi jioni itakavyokuwa: televisheni, sahani moja, ngazi kimya. Hakuwasha gari. Alitoa simu.

"Murray? Nimesahau kitu?"

"Hapana. Rudi nyumbani, Leanne. Nakuomba."

"Wewe! Bado niko kwenye foleni, hata koti sijavua!"

"Najua," alisema. "Nimeona safari hii nisichelewe."